Uvivu Tuliosingiziwa

Wifi yangu ndiye aliyeniingiza kazini. Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa akilima huko Mnazi na kurudi mara chache, kwa hiyo mimi na wifi tulishinda pamoja, kazini na nyumbani.

Banda la mboga lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Lushoto. Wakulima walileta karoti zikiwa na udongo wake, sisi wanawake tukakata majani, tukaziosha na kuzipanga kwenye makreti, jioni lori likazibeba kwenda Dar es Salaam. Pampu ilivuta maji kutoka bondeni hadi kwenye karo letu la kuoshea. Tulijaza lori zima na bado tukapata muda wa kuota jua.

Kisha pampu ikafa, tukaanza kuteka maji mtoni. Kupanda mlima ule wenye utelezi na ndoo kichwani si jambo la haraka. Asubuhi yote iliishia njiani. Visu navyo vilikuwa vimekuwa butu. Lori lilipofika lilichukua nusu ya mzigo. Sisi tulirudi nyumbani hoi kuliko enzi zile za kujaza lori.

Wakati huo wifi alikuwa ameshafanywa msimamizi. Jioni moja wanawake wa bandani walikusanyika jikoni kwangu, naye akatuambia, "Tajiri mwenye banda anakuja wiki hii. Nitamweleza. Pampu kwanza, visu baadaye."

"Tusimame na wewe?" nikamuuliza.

"Hapana. Mkisema wengi ataona mnagoma. Niachieni mimi."

Tulimwachia. Alikuwa amebeba ndoo pamoja nasi tangu siku ya kwanza.

Tajiri alikuja na wageni, wanunuzi wake wa mjini. Mimi nilikuwa karoni, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya maji. Nikamsikia akiuliza, "Mbona kazi imeshuka hivi, na watu ni wale wale?"

Wifi alitazama chini kidogo. "Bosi, watu wa siku hizi wavivu. Ukiwatuma maji wanakaa mtoni kupiga soga."

Wageni wakacheka. Nilisubiri aendelee, afike kwenye pampu. Akawatangulia kuwaonyesha ghala.

Tajiri aliwapunguza wenzetu wengi, na tuliobaki tukawa tunalipwa kwa kreti. Basi kila mtu akawa anakimbiza kreti zake. Karoti zikavunjika, zenye udongo zikafichwa chini. Mjini wakazirudisha, mwishowe wakaacha kuagiza, na banda likafungwa. Wakulima waliokuwa wamewapa kisogo madalali wakawarudia kichwa chini, na madalali wakataja bei waliyoitaka. Jirani yangu aliziacha karoti zake ardhini mpaka zikapasuka, akawalisha mbuzi. Wifi naye alikosa kazi siku ile ile tuliyokosa sisi.

Nilimuuliza siku moja kwenye msiba kijijini, tukimenya viazi. "Kwa nini hukuitaja pampu?"

Alinijibu kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kwamba alipoulizwa mbele ya wale wageni aliona wazi jibu linalotakiwa. Kutaja pampu kungekuwa kumwambia tajiri kosa ni lake.

"Ukaona bora liwe letu," nikasema.

Akachukua kiazi kingine.

Ningeweza kuyameza hayo. Lakini neno lake lilishuka barabarani na kuingia majumbani. Sokoni mkulima mmoja mzee aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniambia bila hasira kwamba sisi wanawake ndio tulioliua banda kwa uvivu. Nilipomweleza habari za pampu alitikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza visingizio.

Mume wangu aliporudi kutoka Mnazi alikula, akanawa. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kwani kule mtoni mlikuwa mnakaa sana?"

Nilimtazama. Shingo yangu ilikuwa bado inauma kwa zile ndoo. Nikatoka kwenda kuanua nguo.