Baluku na poda yake ya kobalti

Leo Baluku ameniharibia jina mbele ya watu!

Ni binamu yangu, amerudi kutoka chuo Kampala na kiburi chake. Hapa Bwera kila mutu analeta vyuma chakavu kwangu. Sumaku yangu ya spika ikinasa, ni chuma. Isiponasa, peleka kwenu. Mimi ndiye hakimu.

Sasa huyu akatoa kifuko cha nailoni chenye poda ya waridi. Ati ndani iko kobalti, imeshikwa na pete ndogo sana, zisizoonekana kwa macho, zilizoingiliana kama mnyororo, na sumaku inaivuta.

Nikagusisha. Haikunasa!

"Muongo! Miaka yote chuoni, unarudi na poda ya kujipaka!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Yeye akatundika kifuko kwa uzi, akakinga upepo kwa mkono, akasogeza sumaku yangu mwenyewe.

Kifuko kikaifuata.

"Inavutwa kidogo, ndugu. Wewe unajua ya nguvu tu."

Nani alikuuliza ya kidogo, Baluku?

Saa hii mama mmoja wa Nyakiyumbu ameleta sufuria. Nimeinua sumaku, akanishika mkono:

"Tundika kwanza, mwanangu."

Sufuria nzima!

Baluku, usipite hapa kesho. Na wewe unayecheka, andika jina lako hapo chini nikujue.