Baiskeli ya Marehemu

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni ile tuliyokwenda Korogwe, mimi na baba yangu, kumchagulia shangazi yangu Zaina miguu. Nasema miguu kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa tunasema kiti.

Nimeikumbuka leo kwa ajili ya simu yako. Umekuja kutoka Tanga, umenikalia hapa kibarazani, unanifungulia picha za vigari vya umeme vya wazee. Hiki chekundu, hiki cheusi, hiki kina kikapu mbele. Halafu unaniuliza, "Bibi, unapenda rangi gani?" Magoti yangu yamekwisha, hilo sibishani nalo, na nyinyi wajukuu zangu mmeniwaza vizuri. Lakini kabla sijagusa picha hata moja, weka simu pembeni unisikilize. Chai ipo. Na usinihimize, maana hadithi yangu nayo ina magoti mabovu.

Shangazi Zaina alikuwa dada yake baba. Aliolewa na mkata mkonge wa Ngombezi, akakaa naye kambini, na mimba ya kwanza ilipofika mwezi wake akarudi kwao huku upande wa Handeni kujifungua, kama desturi yetu inavyotaka. Uchungu ulimtesa sana. Mtoto alitoka mzima, wa kike, wakamwita Mwajuma, ila miguu ya mama haikusikia tena. Mume alikuja kumtazama, akarudi kambini, na huko ndiko alikobaki. Shangazi akalea mtoto akiwa amekaa chini. Mwajuma alikua mpaka akajua kukimbia na kumletea mama yake maji kwa kibuyu, kisha surua ikapita ikamchukua. Wakamzika nyuma ya nyumba, chini ya kilima walikozikwa wazee wetu.

Tangu hapo kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, shangazi alikuwa anajikokota kwa mikono mpaka kwenye kaburi lile, analipalilia kwa kijembe, anaongea nalo kidogo, anarudi. Nimezaliwa nikamkuta anafanya hivyo. Kwangu ilikuwa jambo la kawaida, kama kufagia uwanja.

Kisha ikaja Operesheni ya vijiji, serikali ikatuhamisha. Sitaki kuyasema mengi ya siku ile. Mazuri tuliyapata huko kijijini, nisiwe mwizi wa fadhila: shule, zahanati, maji ya bomba, na mimi kusoma nilisomea huko. Lakini makaburi hayapandi lori. Shangazi alipandishwa juu ya kitanda chake, katikati ya kuku na mitungi, na njia nzima alikuwa anatazama tulikotoka. Tulipofika, kaka yake, yaani baba, alimjengea chumba kizuri chenye mlango wa kuelekea barabarani. Akaomba mlango uhamishiwe upande wa pili, wa porini. Tukadhani ni jua linamsumbua.

Akaacha kula vizuri. Akaacha na kusema. Anakaa mlangoni mwake kutwa, uso porini kwenye mahame yetu, kule tulikohamishwa. Baba akasikia kwamba Korogwe wanatoa viti vya magurudumu kwa wasiojiweza, akasema twende, labda akipata cha kuzungukia kijijini moyo utamrudi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Tulikuwa tumeshajua dawa yake kabla ya kumuuliza ugonjwa.

Tukambeba shangazi mpaka Korogwe. Stoo ilikuwa na vitu viwili tu vilivyobaki. Kimoja kilikuwa kiti kipya kinachong'aa, kina mto wa buluu na mikono miwili nyuma ya kusukumia. Cha pili kilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu, imechakaa, pedali zake ziko juu kifuani, unazizungusha kwa mikono. Mtunza stoo, mzee mmoja mkimya, alimwekea baba kile kipya mbele.

"Ile kule msiitazame," akasema. "Ni ya marehemu. Alikuwa mkata mkonge wa Mazinde, akakatwa miguu na toroli la shamba. Walimkuta njiani amekufa juu yake, mikono ingali kwenye pedali."

Kisha akapunguza sauti. "Kila jioni naiegemeza ukutani. Asubuhi nikifungua naikuta imegeukia mlango. Nadhani ni panya."

Mimi panya wa kusukuma chuma sijawahi kuwaona, lakini nilikuwa msichana, nikanyamaza.

Baba alirudi nyuma hatua. Unajua kwetu, nguo na vyombo vya marehemu hugawiwa ndugu zake siku ya kuondoa matanga. Mtu baki hachukui kitu, kwa kuwa marehemu mwenyewe anaweza kukifuata. Baba akatamka wazi kwamba kitu cha maiti asiyemjua hakitaingia kwake. Na mimi nikadakia, nikamwambia shangazi achukue chenye mto, nitamsukuma mwenyewe.

"Utanisukuma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Mpaka bombani, shangazi. Mpaka zahanati. Popote."

Shangazi hapo akamgeukia mtunza stoo. "Huyo marehemu alikuwa anakwenda wapi?"

"Kwao, kwa mama yake."

"Alifika?"

"Hakufika."

"Basi hiyo baiskeli bado ina safari," akasema. "Nipandisheni."

Baba alisema maneno mengi pale. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima, na baba alimrushia hilo pia, kwamba ameletewa kizuri anachagua kibovu. Shangazi alikuwa ameshashika pedali. Tulirudi na baiskeli ya marehemu nyuma ya lori la mahindi, baba akaisomea dua, akaiosha kwa maji, na usiku akailaza nje, mbali na dirisha lake.

Wiki haikupita, tukaanza kuona mistari.

Wa kwanza kuiona walikuwa wanawake waendao kuni. Mistari mitatu ya magurudumu mavumbini, imetoka mlangoni kwa shangazi, imeingia porini kwa njia ya malori yaliyotuhamisha, imeelekea mahame. Hilo lingeelezeka. Ila pembeni ya mistari kulikuwa na nyayo. Nyayo ndogo, za mtoto asiyevaa kitu, zinakwenda sambamba na gurudumu la nyuma. Kila mama akaenda kuwatazama wanawe, na wote walikuwa wamelala. Kesho yake tena mistari, tena nyayo. Watu wakaanza kufunga milango mapema. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na lililosemwa ni kwamba Zaina anafuga mtoto wa makaburini, na baiskeli yenyewe anayeiendesha ni yule wa Mazinde. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatuletea maziwa akaacha kuleta. Nakwambia ukweli, nami nilikuwa nalala chumba kimoja na shangazi na niliogopa. Niliogopa hata kugeuza uso ukutani.

Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikajikaza, nikaifuata mistari. Unalijua lile korongo la mchanga kabla ya kufika kwetu kwa zamani. Wanaume wazima wakifika pale na baiskeli zao huzibeba begani, mchanga unameza gurudumu. Mistari ya shangazi ilikuwa imeingia korongoni na kutokea ng'ambo, imenyooka, wala haikuzama. Na nyayo hapo zilikuwa nyuma ya gurudumu, vidole vimechimba mchanga, kama vya mtu anayesukuma.

Nilimkuta kaburini. Ameinama kutoka kitini anapalilia kwa kijembe chake, yuko peke yake, ndege hawalii. Hakugeuka.

"Umekuja kunisukuma?" akasema. "Umechelewa. Nimeshasukumwa."

Nikauliza, nani. Akaendelea kupalilia kama hakusikia, kisha akanikaripia, na karipio lile ndilo ninalotaka ulichukue leo.

"Mlinibeba mpaka Korogwe," akasema, "mkanitazamia mto, mkanitazamia rangi. Mlikuwa mnanichagulia pa kukaa. Mimi kukaa najua, nimekaa tangu hujazaliwa. Katika nyinyi wote nani aliniuliza nataka kwenda wapi?"

Nililia. Akaniruhusu nilie mpaka nikachoka, akanipa kijembe nimalizie upande wa pili. Tukarudi pamoja, na korongoni nilisukuma mimi, kwa shida, nikihisi wakati wote kwamba uzito hauko wote mikononi mwangu.

Tulipofika kijijini watu walikuwa wamekusanyika uwanjani kwetu. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mhina, alikuwa ameitisha kikao. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ikipewa cheo huwa na haraka. Alimwambia baba mbele ya wote kwamba baiskeli ile ichomwe siku hiyohiyo, na kama Zaina hataki, ahamishiwe kwingine. Ahamishiwe wapi tena, nilijiuliza, na mtu huyu alishang'olewa mara moja. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Kijana mmoja alikuwa ameshaleta mafuta ya taa.

Shangazi aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye pedali.

"Mzee Mhina," akasema, "mama yako amelala wapi?"

Balozi akasema amelala mahame, kule juu kilimani, kila mtu anajua.

"Umekwenda lini kumtazama?"

Hakuna aliyekuwa amekwenda, si balozi tu. Tangu lori lituteremshe, kila mmoja wetu alikuwa anaona haya na kuogopa, akijua nyasi zimewafunika wazee wake, tambiko halijafanywa, na anangoja mwenzake awe wa kwanza kurudi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini na aliye hai anayo yake.

"Nendeni mkaone kwanza," akasema shangazi. "Mkirudi, chomeni."

Wakaenda wazee, baba akiwemo, na mimi nikafuata nyuma. Tulidhani tutaona kaburi moja la Mwajuma limesafishwa. Mwanangu, yalikuwa yamepaliliwa yote. Ya bondeni yote, na ya kilimani yote, mpaka la mama yake Mzee Mhina, lililo juu kabisa, mahali pa mawe ambapo hata mbuzi anachagua pa kukanyaga. Mistari ya magurudumu ilikuwa imeishia chini. Kutoka hapo kwenda juu kulikuwa na nyayo tu.

Mzee Mhina alikaa chini karibu na mama yake, akavua kofia. Tulirudi, na alipofika uwanjani alimwendea shangazi, akachuchumaa mbele ya ile baiskeli, yeye balozi, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe mwanamke usiye na miguu, ulifikaje kule juu?"

"Mimi sikufika," shangazi akamjibu.

Mafuta ya taa yalirudishwa kwenye taa. Tangu mwezi ule watu wakaanza kwenda mahame kwa zamu, kila ukoo na siku yake, na anayekwenda anampitia shangazi. Wakaweka hata magogo korongoni apite. Kula akala, kusema akasema, na utani wake ukarudi, mpaka tukautamani ule ukimya. Alikufa mzee, kitandani kwake, na tukamzika kule kwa binti yake. Baiskeli baba aliipeleka mwenyewe Mazinde, kwa ndugu wa yule marehemu, ili nayo ifike.

Sasa niletee hiyo simu. Nasaha yangu ni hii, na haihusu vigari peke yake. Utakapomchagulia mtu asiyejiweza kitu cha kumsaidia, kiwe gari, kiwe nyumba, kiwe hata mchumba, usianze na rangi wala mto. Anza na safari yake. Muulize anataka kwenda wapi, na akikuambia, usimcheke na usimwambie ni mbali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye magoti mabovu ndiye anayejua njia anayoiota.

Mimi nitachukua hiki cheusi, chenye magurudumu mapana yasiyoogopa mchanga. Najua utauliza kama betri itanifikisha mpaka ng'ambo ya korongo, kwa shangazi, na kunirudisha, na ikizimika huko nitafanyaje mtu mzima peke yangu. Usikonde. Kwenda ndiko ninakokuomba, na huko wapo wa kunisukuma.

Mungu akupe miguu yenye nguvu na pa kuipeleka, mwanangu. Na siku miguu itakapokuishia nguvu, akupe mtu wa kukuuliza unakwenda wapi, mwenye subira ya kungoja jibu. Amina.