Waya wa Zabibu Mpaka Chooni

Mimi kitu cha kunishangaza hakipo. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba magunia sokoni Majengo mpaka bega likaota sugu, na leo nina maghala mawili pale pale sokoni na Fuso tatu barabarani. Nikiuma punje moja ya mtama nakwambia kama mzigo ulinyeshewa njiani. Mtu akija kunikopa, nikishamwangalia viatu nimemaliza. Vijana wa chuo wanakuja ofisini kwangu kuuliza nimefikaje hapa, na mimi nawapa kiti wasikilize.

Nasema hivyo ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekaa miaka bila kujua jambo la nyumbani kwao.

Baba yangu alikuwa na shamba dogo la zabibu upande wa Makutupora, na tembe aliyoijenga kwa mikono yake alipomwoa mama. Mtaji wangu wa kwanza alinipa yeye, magunia mawili ya uwele. Mengine yote nimetafuta mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno. Unamsalimia mbukwenyi, anaitika, basi. Kwa hiyo uzeeni alipoanza kusema njia nzima tulidhani ni umri. Akienda kanisani na mama anatangulia yeye, anasema mbele kwa mbele: "Hapa pana jiwe. Hapa wamekata mti. Huyu anayekuja ni mke wa mwenyekiti." Vijana wakamcheka, "Mzee amekuwa redio!" Mama yuko nyuma, kashika pindo la koti lake. Mimi nikaona ni mahaba ya wazee.

Halafu waya. Waya wa kutambazia mizabibu si wa bure, na roli lile nilimnunulia mimi. Siku nafika, nakuta ameuvuta kutoka mlango wa tembe mpaka jikoni, na kutoka jikoni mpaka chooni, nguzo kwa nguzo, kimo cha kiuno.

"Baba, zabibu ziko shambani, waya umefuata nini chooni?"

"Wa kuanikia mlenda."

"Mlenda wa chooni?"

"Wewe umekuja kunisalimia au kukagua choo?"

Nikacheka, nikanywa chai, nikaondoka.

Wanangu walikuwa wakienda huko kila likizo. Asubuhi wanagombana: "Leo mimi ndiye dereva wa bibi!" Baba anasikiliza kesi kama hakimu, anaamua aliyeamka mwanzo ndiye dereva. Anamfundisha taratibu: usimvute bibi, mpe bega, ukifika kwenye tuta simama kwanza. Nilijua ni mchezo. Yule mzee angeweza kushinda siku nzima kwenye mchezo wa mtoto bila kuchoka, kitu ambacho mimi sina subira nacho.

Basi nikawajengea wazee nyumba pembeni ya tembe. Bati la rangi, madirisha ya alumini, vigae vinavyong'aa mpaka unajiona. Mafundi wakataka kusawazisha uwanja, nikawaambia ng'oeni huo waya na nguzo zake. Baba alikuwa shambani anapogoa.

Mama akatoka kwenye tembe. Akanyoosha mkono, ukapita hewani. Nikamwita, "Mama, njoo uone sebule!" Akasema, "Nakuja," lakini haji. Anatanguliza mguu, anaurudisha. Binti yangu wa mwisho akanipita mbio, akaingiza bega lake chini ya mkono wa bibi yake. "Bibi, waya wameung'oa." Kisha akanigeukia. "Kwani baba hukujua? Bibi haoni."

Baba aliporudi hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akanieleza kwamba ni presha ya macho. Walikwenda hospitali wenyewe, wakaambiwa mishipa imeshakufa, haina dawa.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Mngemchukua. Dada yako angempeleka Dar es Salaam akamkalisha kwenye kochi. Hapa mama yako anapika, ana kuku wake, jirani akipita anamjua kwa kikohozi. Kule angekuwa wa kupanguswa vumbi tu."

Akaendelea, sauti ile ile. "Na mimi hospitali wameniona ugonjwa wa tumbo. Hautapona. Nikishaondoka, nani atamwambia jiwe liko wapi?"

Dada yangu nilipompigia simu alisema mama aende kwake, msichana wa kazi yupo. Nikamwambia ngoja kwanza.

Nikaleta fundi wa kuchomelea atuwekee mabomba ya kushika ukutani na uwanjani. Akatandaza karatasi yake. Baba akasema si hapo. "Mzee, hii kazi nimeisomea," fundi akamjibu. "Umesomea. Una mke asiyeona?" Yule kijana akatukana kidogo, nikamlipa siku yake, akapanda bodaboda. Wa pili alikuwa na adabu. Baba alimwongoza mama polepole ndani ya nyumba mpya, kisha uwanjani, na pale mkono wake ulipotafuta pa kushika, yeye akaweka alama ya mkaa. Mkono ukitafuta, mkaa. Mabomba yakapita kwenye mkaa. Jua la saa saba likafanya chuma kiunguze, mama akasema mbona mnataka kunichoma kama hindi, tukayaviringisha mipira ya baiskeli. Vigae vya mlangoni nikavibandua vyote kwa sababu vinateleza. Roho iliniuma, lakini nilivibandua.

Siku ilipokwisha kazi, dada yangu alikuwepo, amekuja kumchukua mama. Baba akakaa barazani, hawezi tena kusimama sana. Akatuambia tunyamaze. Mama akatoka chumbani kwenda jikoni kule uwanjani kuchemsha chai. Katikati akasimama. Dada akainuka, baba akamshika khanga, akamvuta akae. Mzee aliyesema njia zote hakusema neno. Mkono wa mama ukapapasa, ukapata kona, akaendelea.

Alirudi na kikombe, hakumwaga.

"Mbona leo kimya? Umelala?"

"Nipo," baba akasema. Akaonja. "Sukari umesahau."

"Sijasahau. Ulimi wako ndio umeharibika."

Dada alirudi Dar es Salaam peke yake. Baba alifariki kabla zabibu hazijaiva, usingizini, mama ubavuni kwake. Mama bado yupo pale, anapika, anawafokea kuku.

Watu wakiiona nyumba ile huniuliza imenigharimu kiasi gani. Ya nyumba sisemi, wataroga. Lakini mabomba, saruji, mipira, kubandua vigae na mafundi wote wawili nasema bila kificho: shilingi milioni moja, laki nane, sabini na nne elfu na mia tano.