Alama Yetu Shimoni

Idi hii nimekwenda Ibra, mji wa Waarabu nilikokulia, na shuwa, ile nyama ya kuokwa shimoni, imekuja kwa gari, imeagizwa kwa simu mkahawani, sinia limefunikwa foili. Tamu, sikatai. Lakini ule mvuke uliponipiga usoni, wallahi nilicheka peke yangu kama mwehu. Mawazo yalinirudisha mbio mpaka kwenye shimo la mtaa wetu wa zamani.

Wewe hukuliona shimo lile, maskini! Siku ya Idi kila nyumba ilileta nyama yake, imerowa siki, thomu na bizari, imefungwa majani ya mgomba na kutiwa kwenye kifuko cha makuti. Wanaume wakivitupa vyote juu ya makaa, wakifukia, na kesho yake ndiyo vinatolewa. Ili mtu asibebe cha mwenzake, kila nyumba ina alama. Wenzetu walifunga waya au kifuniko cha kopo. Sisi tuliotoka Unguja tulifunga utepe wa kanga kuukuu ya bibi, umeroweshwa maji. Mtaa mzima ulituita watu wa kanga.

Sasa bibi alikuwa na lake na jirani. Yule mama mzaliwa wa Ibra aliucheka wali wetu wa nazi mbele ya wageni, ati chakula cha wagonjwa. Wiki haikupita, bibi akampelekea zawadi ya kanga nyekundu imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Jirani Kiswahili hajui, herufi zile hazisomi. Alifurahi huyo! Akaivaa kwenye kila harusi, na bibi akimwona anapita hujiziba mdomo kwa mtandio, na sisi watoto mbavu hatuna.

Mwaka wa pili wa kanga ile, mvua ikashuka milimani, na wadi, ule mto mkavu nyuma ya nyumba zetu, ukaja mchana kweupe, zimebaki siku tatu tu kufika Idi. Jirani ndiye aliyetuvuta mmoja mmoja mpaka juu ya dari lake. Kutoka huko tuliiona nyumba yetu ikienda, na mbuzi wa Idi, na sanduku la kanga ambalo bibi alitoka nalo Unguja.

"Roho zetu zipo, alhamdulillahi," alisema bibi.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na roho haikunitosha. Niliumia kwamba kifuko chetu hakitakuwamo shimoni, na mtaa mzima utaona.

Siku ya kufukua nilikataa kwenda. Jirani akanikamata mkono, akaniburuta. Vifuko vikatoka vinafuka moshi, cha waya, cha kopo, cha waya tena. Mara mtu akapiga kelele, "Watu wa kanga! Wako wapi watu wa kanga?"

Lo! Niliruka, nikakikumbatia kile kifuko, kikaniunguza, sikujali. Kilikuwa chetu jamani, kina utepe mwekundu! Bibi akaufungua, akaunyoosha kiganjani. Pembe zimeungua, lakini herufi zinasomeka: HASIDI HA. Jirani alikuwa ametugawia nyama yake, na kuichana kanga yake aipendayo ili nasi tuwe na alama.

Bibi akakaa chini, chozi linamtoka.

"Ummi, nyama imeungua?" jirani akauliza kwa Kiarabu.

Palepale, mbele ya watu, bibi akamwambia maneno yale yana maana gani na kwa nini alimpa, akamwomba radhi. Jirani akamkodolea macho. Halafu akajipiga mapaja, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na miye nimeivaa miaka miwili! Basi nipikie huo wali wako. Naumwa na njaa."

Lile sanduku nimeshasahau lilikuwa na nini ndani. Kipande cha kanga kilichobaki jirani aliendelea kukivaa, na kila akipita kwenye mlango wa nyumba yetu mpya akiita kwa Kiswahili chake cha kwanza kujifunza, "Hasidi anapita!" Na bibi akijibu kutoka jikoni, "Pita ndani, wali uko tayari!"

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Shimo limesakafiwa, magari yanaegeshwa juu yake. Na miye leo, sinia la foili liko mbele yangu, nimejikuta nimetega sikio mlangoni.