Kofia Haitoshi

Mume wangu ni Mzaramo, mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulianza kutukanana kabla hatujaanza kupendana. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wakibeba meno ya tembo kwa miguu kutoka huku Tabora hadi Pwani na kupokelewa na babu zake. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kuku bandani mwako mchana kweupe, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukinuna, umeshindwa. Nimeishi nyumba moja na mtani wangu hapa mtaa wa Chemchem miaka thelathini na ushee, na nimemwona akinuna mara moja tu.

Hata alipoambiwa ana kisukari hakununa. Alikuwa amestaafu reli mwaka uliotangulia. Alimwambia muuguzi wa kliniki kwamba Mzaramo ni mtamu kwa kuzaliwa, kwa hiyo kipimo kimesema kweli. Muuguzi alicheka, kisha akanivuta pembeni mimi, kwa sababu alishaona nani wa kuzungumza naye. Aliniambia vidonge vile vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, hasa asipokula. Ikishuka atatoka jasho, atatetemeka, ataongea ovyo, pengine atachekacheka. Nimpe kitu kitamu haraka, kabla hajapoteza fahamu.

Nilinunua mkoba mdogo wa kufunga kiunoni. Nikautia paketi ya glukosi, pipi chache na boksi la juisi ya embe. Kila tulipotoka nyumbani nilimfunga mwenyewe, naye alisimama ameinua mikono huku akilalamika kwamba namvisha mkanda kama bibi harusi. Watu walipomuuliza ndani mna nini, alisema mna dhahabu. Hakutaka mtu yeyote ajue anaumwa, na mimi nilimtunzia siri hiyo.

Binti yetu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyetulipia ile safari. Alitutumia picha kwenye simu: watu wamevaa helmeti, wamepanda pikipiki za magurudumu manne, vumbi linatimka nyuma yao. Siku nzima porini, na kiongozi wa kuwatembeza, katika njia ya zamani ya misafara. Nilisema sitaki. Mwanamke wa umri wangu anapandaje dude lile, na anavaa nini? Lakini mume wangu alikuwa ameshampigia binti yake kumshukuru, tena kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa Mtendeni.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Tulichelewa kuamka, na gari la kutupeleka kwenye pikipiki lilikuwa likipiga honi mlangoni. Mume wangu alimeza vidonge vyake, akanywa nusu kikombe cha chai isiyo na sukari, akamega chapati mara mbili. Nikamwambia atakula huko mbele. Kiongozi wetu alipouliza kama apakie soda kwenye kikapu cha chakula, nilimjibu kwa ukali kwamba sisi soda hatunywi.

Kiongozi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa vijiji vya humo humo porini, baba yake mrina asali. Alituamkia kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Mimi niliitika marahaba. Mume wangu hakuitika. Alimuuliza kwanza kabila, na aliposikia ni Mnyamwezi uso ulimng'aa.

"Shikamoo ya nini sasa? Babu yako hakukwambia? Beba mzigo wangu huo, twende Pwani."

"Kumbe Mzaramo!" Kiongozi aliruka. "Ndiyo maana nimeshangaa, mtu mzima anaogopa hata kushika usukani. Huko kwenu si mnajua ngoma tu?"

Basi ikawa hivyo njia nzima. Yeye mbele na pikipiki yake, sisi nyuma na yetu, mume wangu akiendesha na mimi nimemkumbatia kiunoni. Tulipita mabani ya kukaushia tumbaku, tukapita miembe mikongwe iliyopangwa mstari, tukaingia kwenye msitu wa miyombo ambayo kiangazi kilikuwa kimeshaichuma majani. Mbung'o walitufuata na kutuuma migongoni. Kila tuliposimama wawili wale waliendelea kuvuana nguo kwa maneno, na mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Kwa kweli nilikuwa nafurahi. Nasema hivyo kwa sababu baadaye niliona haya kwamba nilifurahi.

Tulifika kwenye kijito kikavu. Kiongozi aliikingamisha pikipiki yake njiani, akashuka, akaweka mikono kiunoni.

"Hapa misafara ilikuwa inasimamishwa na mtemi. Hakuna mtu wa Pwani aliyepita bila kulipa hongo. Mzaramo, lipa."

Mume wangu alivua helmeti. Ndani yake alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya kudariziwa, ambayo haachani nayo. Akaivua, akaitoa kwa mikono miwili, ameinama kama mtu anayekabidhi nchi. Kiongozi aliipokea, akaigeuzageuza, akanitazama mimi.

"Mama, wewe ni wa kwetu. Unasemaje?"

"Kofia haitoshi," nikasema. "Chukua na mkoba!"

Ndivyo nilivyosema. Ningependa kusema nilisahau kilichomo, lakini hata hilo si sahihi, kwa maana mkoba niliufunga mwenyewe asubuhi ile na kifungo chake nilikibana kwa vidole hivi. Sikuufikiria tu. Nilikuwa Mnyamwezi pamoja na Mnyamwezi mwenzangu, tumemkamata Mzaramo, na neno zuri lilinijia mdomoni. Kiongozi aliufungua mkoba kiunoni mwa mume wangu, akavitundika vyote viwili kwenye tawi la myombo.

"Tutavichukua tukirudi," akasema.

Mume wangu alicheka. Kabla ya kuvaa helmeti alinitupia jicho, mara moja tu. Nikadhani ananiahidi kwamba atanilipizia nyumbani.

Tulikwenda karibu saa nzima, polepole, tukisimamasimama. Kuna wakati pikipiki yetu ilianza kuyumba, na shati lake lililowa chapachapa chini ya mikono yangu. Nikasema moyoni jua limekuwa kali. Tulisimama mahali penye mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti, ndipo tulipokusudia kula. Mume wangu alishuka, akauzunguka mti mmoja, akasimama wima na kuupigia saluti.

"Shikamoo bosi," akauambia mti. "Treni ya Kigoma imechelewa."

Kiongozi alicheka akashika magoti. Nami nikacheka. Alimtaka kiongozi akate tiketi, akambishia kwa nini anauza tiketi za jana, kisha akaketi chini ghafla, miguu ameinyoosha mbele.

"Mzaramo kachoka! Hata nusu ya njia hajafika!"

Mume wangu alinigeukia, akanitazama usoni muda mrefu. "Wewe mama, nani kakuleta huku?"

Na hapo pia nilicheka. Swali lile ameniuliza asubuhi nyingi tukiwa kitandani, huo ndio utani wake wa kuniamsha. Nilikwenda kumfuta jasho kwa ncha ya khanga, bado nacheka, nikakuta paji la uso ni baridi na midomo inamtetemeka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kiunoni mwake. Hapakuwa na kitu.

"Sukari imeshuka," nikasema. "Mzee anaumwa sukari, imeshuka!"

Kiongozi alinitazama akitabasamu. "Mama, na wewe umehamia Pwani? Mmepanga lini? Hamnipati ng'o."

"Nakwambia anaumwa!"

"Mwambie alipe hongo nyingine, atapona."

Nilipiga kelele. Alipiga makofi. Nililia, naye akasema kweli mama unajua kuigiza. Sijui nilitarajia nini. Tangu asubuhi tulikuwa tumemfundisha kwamba kila neno letu ni la uongo na kwamba akiliamini ameshindwa, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Nilimshika shati nikamtikisa, na bado alikuwa anacheka, hadi macho yake yalipokwenda kwenye suruali ya mume wangu. Ilikuwa inalowa. Mkojo ulishuka taratibu hadi mchangani, na mume wangu hakuutazama wala hakuuzuia.

Kicheko kilimkatika. "Mama," akasema, "huu si utani."

Simu zilikuwa hazishiki mtandao. Nikamwambia mkoba una dawa, akaulete. Aliwasha pikipiki akaondoka kwa kasi ambayo sikujua mashine ile inayo, na mlio wake ulinifikia muda mrefu, ukipungua, hadi nikabaki na mume wangu aliyelala ubavu na nyuki wanaovuma juu.

Nilikipekua kikapu. Mayai ya kuchemsha, chumvi, chapati, maji. Nilimega chapati nikampelekea mdomoni, akabana meno. Soda nilikuwa nimeikataa kwa kinywa changu mwenyewe. Nilimwita kwa jina lake, kwa majina yote niliyowahi kumtania nayo, hakuitika hata moja. Macho yalikuwa nusu wazi.

Kisha nikainua kichwa nikauona mzinga. Ulikuwa gogo refu limefunikwa pande zote mbili, limetundikwa juu kabisa, na nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Asali ilikuwa pale. Dunia nzima inajua Tabora kwa asali, babu yangu alirina maisha yake yote, na mimi mjukuu wake nilisimama chini ya asali huku mume wangu anakufa kwa kukosa kitu kitamu. Kwetu wanawake hawapandi mizinga, sikufundishwa. Nililikumbatia shina la mti hata hivyo. Nilivua viatu, nikaikunja khanga, nikajivuta, nikaanguka. Nikajaribu tena, magome yakanichuna mapaja. Nilirusha fimbo, haikufika hata nusu. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, na nilikuwa nautukana mti.

Nilirudi nikampakata kichwa. Nilizaliwa Mkristo wa Moravian nikasilimu kwa ajili ya ndoa, na siku ile niliomba kwa dini zote mbili bila kumaliza dua hata moja. Sijui ilipita nusu saa au saa nzima. Kila mbung'o aliyepita nilidhani ni pikipiki.

Kiongozi alirudi na mkoba, na kofia kichwani mwake. Sidhani kama alijua ameivaa, nadhani alitaka tu mikono ibaki wazi. Tulilowesha glukosi kwenye kifuniko cha chupa, nami nikawa naipaka kwa kidole ndani ya mashavu ya mume wangu, kidogo kidogo, kama nilivyofundishwa kliniki. Kiongozi alikuwa amepiga magoti upande wa pili, anasema, "Nisamehe mzee, nisamehe mzee." Tulipaka hadi paketi ikaisha nusu. Kisha mume wangu alimeza. Tukamnyanyua, akanywa juisi kwa mrija, na macho yakaanza kurudi. Alimtazama kiongozi, akaitazama kofia.

"Umechukua hongo ukairudisha?" akasema kwa sauti nyembamba. "Mtemi gani wewe?"

Kiongozi aliivua ile kofia, akaanza kulia. "Shikamoo mzee," akasema.

"Usiniamkie," mume wangu akamwambia, na hapo ndipo nilipomwona akinuna kwa mara ya kwanza.

Tulimpakia nyuma ya kiongozi, nikawafunga wote wawili kwa khanga yangu. Ile pikipiki nyingine niliiendesha mwenyewe, polepole, meno nimeyauma, sioni njia kwa machozi na vumbi. Hospitali walimtundikia dripu, na daktari akatuuliza kwa nini hatukubeba kitu kitamu. Mume wangu akawahi kujibu kwamba alikidondosha njiani.

Kiongozi huja nyumbani mara kwa mara. Huleta asali, ambayo tunaigawa kwa majirani, na hukaa ukingoni mwa kiti. Mume wangu humchokoza kwa kila njia anayoijua, humwita mtumwa, humwita mwizi wa kofia. Yule mtu hujibu, "Ndiyo, mzee," na kuuliza hali ya afya. Akishaondoka, mume wangu hutoka barazani na kumtazama hadi akate kona.

Mimi nimekuwa askari. Akisema jambo la kuchekesha sicheki tena kwanza, nampima. Namuuliza leo siku gani. Hujibu, "Jumatano, mama, na wewe ni yule yule," hapo ndipo nacheka, nimechelewa, na kicheko changu hakimfurahishi. Kila kitu cha siku ile amekifanyia utani: saluti kwa mti, mkojo, hata khanga niliyomfungia. Neno langu pale kijitoni alikuwa hajaligusa. Nilijiambia huenda alilisahau, kwamba sukari ilifuta na hilo.

Juma lililopita alikuwa ameketi barazani, mchana, paji la uso linang'aa kwa jasho. Kulikuwa na joto, hata mimi nilikuwa natoka jasho. Alikuwa anachekacheka peke yake. Nikamuuliza leo siku gani.

Alinitazama. "Kofia haitoshi," akasema.

Sikujua kama ananitania, ananilaumu, au ndiyo inashuka. Nilimtazama macho, mikono, midomo, miaka thelathini na ushee namtazama mtu huyu, na sikujua. Nikafungua mkoba kiunoni mwake, nikachomeka mrija kwenye boksi la juisi, nikamwekea mdomoni. Aliinywa yote, hadi boksi likakunjamana, bila kuniondolea macho.