Alichochanganya Bi Moza

Bi Moza wa Mchafukoge hakuwa mtu wa kuamini mtu. Akienda Feri kununua samaki, humfunua mashavu mara mbili, kisha anamnusa, kisha anamtazama muuzaji kana kwamba ndiye aliyeoza. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba siku malaika wa kutoa roho akibisha hodi, Moza atamdai kitambulisho kwanza.

Kazi yake ni kuchora hina. Miaka thelathini amepamba maharusi, kuanzia mtaa wa Gerezani alikozaliwa hadi kwenye maghorofa ya Kariakoo, na walioolewa na hina yake sasa wanamletea mabinti zao. Mkono wake haukuwahi kutetemeka. Lakini mwaka juzi viwiko vilianza kutoa mabaka mekundu yenye magamba meupe, na mabaka yakashuka taratibu mpaka juu ya viganja. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mama mmoja wa bibi harusi alimngoja Bi Moza atoke, kisha akamwamuru bintiye akaoge kwa sabuni ya dawa. Moza aliyasikia akiwa ngazini, na yalimuuma sana. Mchora hina akiogopwa mikono, amebaki na nini?

Kliniki ya ngozi walimwambia ni soriasis. Daktari Evarista, binti mpole mwenye miwani, alimweleza kwamba ugonjwa huo hauambukizi hata chembe, kwamba ni kinga ya mwili inayoishambulia ngozi yenyewe. Akampa krimu ya kupaka na vidonge vya njano vya kumeza mara moja tu kwa wiki. Moza akachagua Ijumaa asisahau. Tena kila baada ya muda atolewe damu, waangalie ini.

"Kama dawa ni nzuri, mbona mnaipeleleza?" Moza aliuliza.

"Kwa sababu ina nguvu, mama. Ndiyo maana tunaiangalia."

Jibu halikumtosha. Miezi mitatu mabaka yalipungua kidogo kidogo, mwendo wa konokono, na wifi yake Ummy akachoka kumwona anavaa mikono mirefu kwenye joto la Dar. Akampeleka kwa Awadhi, kijana anayeuza dawa za asili kwenye kibanda kimoja nyuma ya soko la Kariakoo. Awadhi akatoa kopo la mafuta ya kijani ya kupaka, na unga mchungu wa kuchemsha na kunywa ili damu isafike.

"Kuna dawa yoyote ya hospitali unatumia, Bi Moza?" Awadhi aliuliza.

"Hakuna," akajibu. Muuza majani anataka kujua mambo ya hospitali ya nini?

Hospitali nako hakusema kitu kuhusu majani. Hesabu yake ilikuwa hii: akidanganywa na mmoja, mwingine atamtibu. Aliona ana akili sana.

Siku ya tano mikono ililainika. Magamba yakatoweka, ngozi ikawa kama ya msichana, na Moza akaanza kuvaa mikono mifupi makusudi. Wiki ya nne chakula kikawa hakishuki. Alikuwa anachoka kwa kupanda ngazi za ghorofa mbili tu, na ngozi ya juu ya viganja ilikuwa nyembamba mpaka mishipa inahesabika.

Majibu ya damu yalipotoka, Daktari Evarista aliyasoma, kisha akavua miwani.

"Ini limechokozwa. Vidonge tunasimamisha kwanza. Kuna kitu kingine unatumia? Majani, mafuta, chochote?"

"Hakuna."

"Sitakugombeza, Bi Moza. Nikijua tu ndiyo nitakusaidia. Jumatano urudi kupima tena, na uje na kila kitu unachopaka na unachokunywa. Kila kitu."

Moza alirudi nyumbani anafoka peke yake. Si alisema? Vidonge vyao hao! Alifika, akafunga khanga kifuani, akaanza kukoroga hina ya majaribio ya Maimuna, bibi harusi wa Jumamosi. Majani yaliyosagwa, ndimu, maji ya chai. Hina ya kweli inataka subira, inashika rangi polepole mpaka kesho yake. Ukiona hina imekuwa nyeusi kwa saa moja, ujue kuna mtu katia kitu. Hilo hakuna asiyelijua katika kazi hii.

Mkono ukasimama ndani ya bakuli. Mafuta ya Awadhi, siku tano!

Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya kibanda cha Awadhi, kopo mkononi.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba. Humu ndani umetia nini?"

"Majani matupu, mama yangu."

"Majani gani yanafanya kazi siku tano? Nitazame usoni uniambie."

Awadhi alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Haya makopo naletewa na mtu wa jumla. Anachotia, wallahi sikijui. Ila ule unga, mimi nilikuuliza kama una dawa za hospitali, ukanikatalia. Uongo?"

Moza alitaka kumjibu, Awadhi akamuwahi.

"Na mimi nina swali. Mwaka jana ulimchora mke wangu, Shamsa, ile hina yako ya saa moja. Ukamwambia ni ya asili. Mikono ilimtoka malengelenge, wiki mbili hashiki kijiko. Wewe unatia nini?"

Muuza tangawizi wa jirani aliacha kumenya. Moza aligeuka akaondoka bila kuaga.

Kabatini kwake, nyuma ya vikombe vya wageni, kulikuwa na boksi la unga mweusi wa kutia nywele rangi. Vijiko viwili kwa bakuli la hina. Maharusi wa siku hizi hawana subira, na kila mchoraji anatia. Ndivyo alivyojiambia miaka yote, huku akinusa samaki wa wenzake.

Jumatano aliweka kopo na unga mchungu mezani kwa daktari, akaeleza yote, uso ameuinamisha. Evarista alitimiza ahadi, hakugomba.

"Huu unga basi, kuanzia leo. Na haya mafuta nahisi yamechanganywa na dawa kali ya hospitali. Usiyakate ghafla, mabaka yatarudi kwa hasira. Nitakupangia jinsi ya kupunguza."

"Na mafuta yangu ya nazi?"

"Hayo sina ugomvi nayo. Paka baada ya kuoga, uyaache yakae kabla ya krimu. Ukitaka kujaribu kingine, niambie kwanza." Akachukua kalamu. "Kuna kingine?"

Mfuko aliokuja nao Moza ulikuwa bado na kitu ndani. Akipanda ngazi za kliniki alikuwa ameshaamua kutokitaja. Jumamosi Maimuna anataka weusi wa saa moja, na mjini wachoraji wamejaa. Aliitazama mikono yake, nyembamba, imeanza kuwa myekundu tena.

Akatoa boksi.

"Hiki sijipaki mimi," alisema. "Hiki nawapaka watoto wa watu."