Kofi Moja tu, Bibi

Mwaka 2013 nilikuwa Kasulu na mpigapicha mmoja, tukitengeneza filamu fupi kuhusu wafinyanzi wa vyungu. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Picha zilikaa kwenye kamera yake, maneno kwenye kinasa sauti changu, na kila tulipoanza ilibidi usikike mlio mmoja mkali, ili baadaye picha na sauti viunganishwe pale pale ulipolia. Kibao cha kazi hiyo tulikisahau kwenye basi la kutoka Kigoma. Nikasema si neno, mikono ninayo.

Bibi tuliyekwenda kumrekodi aliishi njia ya Kabanga. Tulimkuta uani, udongo umempanda mpaka viwikoni. Nikasimama mbele ya kamera, nikapiga kofi.

Bibi akaweka chungu chini, akainama kidogo, naye akaanza kupiga makofi, taratibu, akinisalimu kwa Kiha. "Mwakeye! Amakuru?" Akaulizia wazazi wangu, watoto, safari, mvua za kwetu. Mimi mzaliwa wa Tanga sikujua kwamba watu wa kule husalimiana kwa makofi. Nikajibu nilivyoweza. Mpigapicha akazima kamera.

Tukaanza upya. Kofi. Bibi akaacha chungu, akasalimia tena: wazazi, watoto, mvua.

Mara ya nne akamgeukia binti yake aliyekuwa akikanda udongo. Alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Huyu kijana ana adabu sana, lakini hana kumbukumbu. Si tumesalimiana sasa hivi?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Uso ukanishuka. Nikaeleza habari ya mlio, na kamera, na kinasa sauti, nikarudia mara mbili.

"Kwa hiyo unapiga kofi, na humsalimii mtu?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Basi nitapiga mimi, mwanangu. Lako limepooza."

Na kweli, la kwake lililia kama ukuni mkavu ukivunjwa. Siku nzima alipiga yeye, akijifuta udongo kwanza kwenye kitenge. Mara nyingine alipiga hata kabla hatujawasha chochote, halafu akatugombeza kwa uvivu wetu.

Jioni nilimvisha hedifoni asikie sauti yake mwenyewe. Alisikiliza muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akazivua na kunikabidhi kwa mikono miwili.

"Ni vizuri," alisema. "Ila huyo mama anaongea sana. Mwambieni apunguze."